Masikio Kwanza, Darubini Baadaye

Katika misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, mtafiti wa ndege hutegemea masikio kuliko darubini. Ukungu huchelewa kuondoka, majani yamesongamana, na ndege anayetafutwa huenda ana uzito wa gramu chache tu. Ndiyo maana tunafika kabla ya jua kuchomoza, hewa ikiwa bado imetulia, kisha tunasimama na kunyamaza.

Tiva huwachanganya wengi. Mmoja hupiga mluzi, mwenzake hudakia papo hapo, na mgeni huandika ndege mmoja daftarini kumbe ni wawili. Kwa kuitikiana hivyo, jozi huwaarifu majirani kwamba eneo lina wenyewe.

Lakini anayestahili kusikilizwa kwa makini zaidi ni chozi, hasa wale ambao dume ana ukanda mwekundu kifuani. Uluguru ina wake, Cinnyris loveridgei. Usambara na Pare zina C. usambaricus. Nguru, Ukaguru na Rubeho zina C. moreaui, aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani. Wote hupenda baridi ya juu, na nyanda kavu zilizo kati ya milima huwatenga kama bahari inavyotenga visiwa.

Chozi hujifunza wimbo kwa kuwasikiliza wakubwa. Kwa hiyo ingetarajiwa kwamba vikosa vidogo vya kila kizazi virundikane, na kadiri jamii mbili zinavyokaa mbalimbali ndivyo nyimbo zao zizidi kuachana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waandishi wake, ulikuta sivyo. Zipo jamii zilizotengana kwa mamia ya maelfu ya miaka na nyimbo zao bado zinakaribia kufanana kabisa. Kwingine wimbo umegeuka sana. Inaelekea wimbo hutulia muda mrefu, kisha hubadilika kwa kishindo. Kwa hiyo sikio peke yake halitoshi kuamua spishi. Lazima vinasaba navyo vipimwe.

Udzungwa ndiko kwenye utamu wenyewe. Huko C. moreaui hupakana na chozi mwingine, C. fuelleborni, nyimbo zao zikiwa mbalimbali kabisa, na machotara hupatikana katika ukanda mwembamba tu.

Njia mojawapo ya kuwauliza ndege wenyewe kama wanatambuana ni kumchezea dume sauti iliyorekodiwa. Akiihesabu kuwa ya mshindani, huja mbio kutafuta ugomvi. Asipoitambua, huendelea na maua yake. Siku hizi hata watalii hufanya hivyo kwa simu ili wapate picha, tena wanarudia na kurudia. Sipendezwi nako hata kidogo: dume anayemsaka adui asiyekuwepo hali, wala halindi eneo lake dhidi ya adui aliyepo.