Sheshe na Ukingo wa Bonde

Sheshe, yule swala wa rangi ya dhahabu, tunamfahamu sote wa Bonde la Kilombero. Wachache wetu twamjua Alan Rodgers, mwanaikolojia aliyefanya utafiti Kingupira, ndani ya Selous, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akaitumikia India. Mwaka 1984 alichapisha makala kuhusu hali ya sheshe nchini mwetu.

Kazi ya mtaalamu wa namna hii haiishii katika kuhesabu wanyama. Yampasa kwanza ayajue majani na maji. Wakati wa kiangazi sheshe hufuata majani mabichi karibu na mto. Masika mto unapofurika, hurudi nyuma hadi ukingoni mwa bonde, penye nchi kavu. Na ukingo huo ndio tuliolima mpunga na kuchungia ng’ombe.

Sisi tunaobariki mbegu za mpunga hatuthubutu kumlaumu mkulima. Ada za shule hutoka humo. Hata hivyo, tangu bonde liingizwe katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, swali gumu lingali vijijini mwetu: ni ukingo upi uachwe wazi, na ni shamba la nani litakalosogezwa?