Sura ya Tano: Shule Kubwa na Mtoto Mmoja

Jioni za Makadara, Mombasa, watoto wakishatoka chuo cha Kurani, wazee hukaa barazani wakataja shule zao kama mtu anavyotaja ukoo. Huyu alisoma Khamis, yule Serani, mwingine Tononoka. Na aliyesoma Allidina bado hujitambulisha kwayo hata baada ya miaka 40. Mtoto wa jirani anapofika Gredi ya 9, baraza hilo ndilo linalotoa shauri la kwanza, na shauri lenyewe huwa ni jina tu: mpelekeni pale, sisi tulisoma pale.

Nawaheshimu wazee hao, na wengi wao walifunzwa vizuri kweli. Lakini shule waliyosoma wao si hii itakayompokea mtoto wenu, hata kuta zikiwa zile zile. Katika mfumo wa 8-4-4 wanafunzi wa nchi nzima walisoma masomo yanayokaribiana sana, kwa hiyo ilikuwa na maana kuuliza shule gani ina wastani mkubwa katika mtihani wa Kidato cha Nne. Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya lilipoingia Gredi ya 10, swali hilo peke yake halitoshi tena. Kila mwanafunzi wa sekondari pevu husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Kisha huchagua masomo matatu kulingana na mkondo wake: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Hayo matatu ndiyo yatakayomfungulia chuo na kazi, au kumfungia. Na si kila shule inayafundisha.

Hapo ndipo ukubwa wa shule unapoingia. Serikali imeweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 1,000 hupangiwa zaidi ya milioni 22. Ya wanafunzi 200, kama milioni nne na nusu. Maabara ya kemia, hata hivyo, haipungui bei kwa sababu shule ni ndogo. Walimu nao hugawiwa kwa kutazama idadi ya wanafunzi na vipindi, na ni vigumu kumweka mwalimu wa Kiarabu, wa ufundi wa mbao na wa muziki mahali ambapo kila somo lina watoto wanne. Ndiyo maana shule nyingi ndogo zina mikondo miwili tu, na yote mitatu kwa kawaida utaikuta kwenye shule kubwa. Fedha za serikali huchelewa na mara nyingi hazifiki zote, na zikipungua, shule ndogo ndiyo huumia mwanzo. Mzazi anayetaka mwanawe awe na uwanja mpana wa kuchagua ana sababu nzuri ya kuitazama shule kubwa.

Kwetu kisiwani uwanja huo una mambo ambayo wazee hawakuyapata. Katika orodha ya masomo ya sekondari pevu kuna teknolojia ya bahari na uvuvi. Kuna Kiarabu, kuna elimu ya dini ya Kiislamu, kuna Fasihi ya Kiswahili kama somo linalojitegemea. Mtoto aliyekua akisikia honi za meli kutoka Kilindini, au aliyehitimu juzuu kadhaa akiwa na miaka 12, ana kitu mkononi tayari. Ingekuwa hasara kumpeleka shule yenye jina kubwa isiyofundisha hata somo moja kati ya hayo.

Ila somo kuandikwa kwenye orodha ya shule si sawa na kufundishwa, na hili nimeliona nyumbani mwetu. Binti ya ndugu yangu aliingia shule kubwa, ambayo sitaitaja, akachagua masomo ya kompyuta. Muhula wa pili alikuja likizo, nikamwomba daftari. Lilikuwa na kurasa tatu zilizoandikwa.

“Ami,” akaniambia, “mwalimu aliondoka tangu Februari. Tukifika kipindi hicho tunaambiwa tusome kimya.”

Yule mwalimu alikuwa ameajiriwa na bodi ya shule, si na Tume ya Huduma za Walimu, akapata kazi kwingine akaenda zake. Hakuna mzazi aliyearifiwa. Mashine zilikuwepo, zimefunikwa vitambaa safi. Tangu siku hiyo sijauliza tena shule ina kompyuta ngapi. Nauliza ni nani anayefundisha, ameajiriwa na nani, na akiondoka nani anashika nafasi yake. Mwalimu mkuu anayejua shule yake hujibu hapo hapo. Kwa maabara, omba kuingia. Utazame kama sinki lina maji na kama meza zina alama za kazi. Maabara yenye sakafu inayong'aa muhula mzima inanitia wasiwasi kuliko yenye madoa.

Kuhusu majina makubwa, neno moja tu. Allidina Visram ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Abdulrasul kwa kumkumbuka babake, Allidina mwenyewe, tajiri aliyefariki mwaka 1916, na karne nzima ya watu wa Pwani imepita pale. Heshima hiyo ni ya haki. Lakini mtoto hafundishwi na karne. Anafundishwa na watu saba au wanane wa mwaka huu, na hao ndio wa kuwaulizia.

Tatizo la shule kubwa ambalo wazazi hulisahau ni jingine kabisa. Tangu 2018, serikali iliposhikilia kwamba kila mtoto anayemaliza msingi aende sekondari, madarasa yalijaa. Kiwango kinachotajwa ni wanafunzi 45 kwa darasa. Katika shule nyingi za serikali wamevuka 60. Mtoto mchangamfu huonekana popote. Mpole, yule anayekaa dirishani na kujibu akiulizwa tu, anaweza kumaliza muhula mzima bila mtu mzima yeyote kulitaja jina lake. Shule kubwa iliyo nzuri imegawika ndani kwa ndani ikawa shule ndogo ndogo: mwalimu wa darasa anayewajua wanafunzi wake, nyumba za bweni zenye walezi, vyama vinavyokutana kweli. Swali langu kwa naibu mwalimu mkuu ni hili: mwanangu asipofika Jumanne asubuhi, nani atakuwa wa kwanza kujua, na atanipigia simu saa ngapi? Majibu ya swali hilo yamenifundisha kuhusu shule kuliko mabango yote ya matokeo.

Sasa bweni au kutwa. Karo iliyoidhinishwa kwa shule za kitaifa za bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na shule za ngazi inayofuata zilizo katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, ziko kundi hilo hilo. Nyingine za bweni ni 40,535. Shule ya kutwa haina karo ya masomo, ingawa chakula cha mchana na sare ni juu ya mzazi. Kwa watu wa Makadara kuna nafuu ambayo wengi hawaioni. Shule za kutwa huchaguliwa ndani ya kaunti ndogo unamoishi, na yetu ni Mvita, yaani kisiwa chenyewe. Mtoto anaweza kwenda kwa miguu, au kwa tuktuk mvua ikinyesha, akarudi akawahi chuoni, na Ramadhani akafuturu na nduguze. Kama nyumbani kuna meza na taa na mtu wa kuzima televisheni, mimi sioni aibu yoyote katika kutwa. Kama ni chumba kimoja cha watu saba, bweni linaweza kuwa mahali pa kwanza mtoto huyo atakapopata saa mbili za utulivu, na hilo si jambo dogo.

Ukichagua bweni, ingia bwenini. Usitosheke na picha. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mwaka 2024 watoto 21 wakafa kwa moto Endarasha, Nyeri, na hiyo ilikuwa shule ya msingi. Kanuni za usalama za mwaka 2008 ziko wazi: madirisha yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje na iwepo kila ncha ya bweni, na kati ya kitanda na kitanda kuwe na angalau mita 1.2. Chukua utepe wa kupimia wa fundi cherehani uweke mfukoni. Usione haya kuutoa.

Imebaki fomu. Kundi la kwanza, mwaka 2025, lilichagua shule 12: tisa za bweni, tatu kati ya hizo ndani ya kaunti na sita nje yake, kisha tatu za kutwa karibu na nyumbani. Wazazi wengi walizipigania zile za bweni zenye majina, wakazijaza zile tatu za mwisho ovyo, usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Na ndiko watoto wa wengi walikoangukia. Zitembeleeni hizo tatu kwanza. Tena msingoje Gredi ya 9: katika alama za kumpanga mtoto, mtihani wa mwisho una asilimia 60, na 40 zilizobaki zinatoka kwenye mtihani wa Gredi ya 6 na tathmini za Gredi ya 7 na 8. Mtoto anapoanza kujaza fomu, sehemu ya jibu imeshaandikwa.

Siku ya kuitembelea shule, baada ya kumaliza kuonyeshwa ofisi na vikombe vya michezo, usiondoke. Nunua maji, kaa ng'ambo ya lango hadi saa kumi, watoto wakitoka. Sikiliza walimu wanaopita katikati yao wanawaitaje.