Programu moja, mashini tatu: somo tulilopata Bunyakiri



Wengi wetu hapa Bunyakiri tulikimbia zaidi ya mara moja. Mtu anayekimbia hachukui karatasi. Anaporudi, anakuja kwenye biro ya kanisa na kuuliza: jina langu lingali katika kitabu cha ubatizo? Cheti chetu cha ndoa kinaweza kuandikwa tena? Vitabu vingine vililowa mvua, vingine havikuonekana tena. Ndiyo sababu tulitaka kuandika majina ya waamini ndani ya kompyuta na kuweka nakala Bukavu.

Kijana mmoja wa kanisa, anayesoma informatiki mjini, alitutengenezea programu ya kazi hiyo. Akaileta kwenye flashi, kupitia Miti na mbuga ya Kahuzi-Biega. Kwenye mashini yake ilifanya kazi vizuri. Kwenye mashini zetu tatu, hakuna hata moja iliyoifungua. Ya kwanza ni ya zamani, ina Windows 7. Ya pili tulipewa na wageni, ina Linux. Ya tatu ni Mac ya mchungaji mwenzetu. Wengine kati yetu walianza kumlaumu kijana. Lakini shida ilikuwa pengine, na inafaa makanisa yote yaielewe.

Programu haisemi na mashini moja kwa moja. Kati yao kuna msimamizi, yaani mfumo wa uendeshaji: Windows, macOS ao Linux. Kila msimamizi ana desturi zake za kufungua faili, kuonyesha dirisha na kuchapisha karatasi. Anapokea pia kifurushi cha namna yake. Windows inapokea .exe ao .msi, Mac inapokea .dmg ao .pkg, na Linux ya aina ya Ubuntu inapokea .deb.

Si lazima kuandika programu mara tatu. OpenLP, inayoonyesha nyimbo na Maandiko ukutani wakati wa ibada, inapatikana bure kwa mifumo hiyo yote mitatu, kwa sababu imeandikwa kwa lugha ya Python, ambayo yote inaielewa. Lakini kufunga kifurushi ni kazi ingine. PyInstaller, kifaa kinachokusanya programu ya Python pamoja na vyote inavyohitaji, hakiwezi kutoa kifurushi cha Mac kikiwa ndani ya Windows. Lazima kufunga ndani ya kila mfumo. Asiye na Mac anaweza kutumia mashini za mbali kwa njia ya intaneti, kama zile za GitHub.

Kijana wetu alikutana pia na mitego mingine. Windows 7 iliachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Januari 2020, na Python ya mwisho inayoikubali ni 3.8, yeye alitumia mpya zaidi. Katika Linux, faili «Picha» na faili «picha» ni vitu viwili. Windows kwa kawaida inaviona kama kimoja. Na Mac inazuia programu isiyo na muhuri wa mtengenezaji anayejulikana na Apple, nao uanachama huo ni dola 99 kwa mwaka. Mwenye mashini anaweza kuiruhusu mwenyewe katika mipangilio, lakini asifanye hivyo kwa programu asiyojua imetoka wapi.

Tena, kuna vifurushi vidogo vinavyokwenda kutafuta vipande vyao kwenye intaneti. Mjini vinafaa. Kwetu, ambako mega ni pesa, afadhali kifurushi kizito kilicho kamili ndani ya flashi.

Kijana alirudi Bukavu, akarekebisha, akafunga vifurushi vitatu. Sasa mashini zote zinafungua. Ile ya Windows 7 hatuiunganishi na intaneti, kwa sababu hailindwi tena. Na kila mwisho wa juma mwandishi wa kanisa anatoa majina yote katika faili la CSV, ambalo LibreOffice inalisoma katika mifumo yote mitatu. Programu ikikufa kesho, majina yatabaki. Kitabu cha karatasi nacho hatukukitupa.

Siku ya Pentekoste, wasikilizaji hawakuombwa kwanza wajifunze lugha ya Wagalilaya. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Vivyo hivyo, mzigo wa kuvuka ni wa mtengenezaji, si wa mwandishi wa kanisa kijijini. Basi kanisa lenu likiletewa programu, ulizeni mambo matatu: inafanya kazi kwenye mashini tulizo nazo? Inafungwa bila intaneti? Majina yetu yanaweza kutoka ndani yake? Jina la mjane aliyerudi kutoka ukimbizini lisipotee kwa sababu ya aina ya mashini.