Mchafukoge: Jioni za jamatkhana kabla ya majumba kutaifishwa

UKIPITA leo Mtaa wa Mosque, Mtaa wa Jamhuri au Mtaa wa Indira Gandhi, ambao zamani uliitwa Market, utaona maghorofa mapya yakiwa yamezibana nyumba chache za kale zenye duka chini na roshani juu. Ndani ya nyumba za namna hiyo yalijengeka maisha ya dini ambayo vijana wengi wa Dar es Salaam hawayajui.

Waingereza walipoupanga mji katika miaka ya 1920, waliwatenganisha watu kwa rangi. Wazungu walikaa Uzunguni, Waafrika wakawekwa Kariakoo, ng'ambo ya uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja, na katikati ikawa Uhindini, ambako ndiko iliko Mchafukoge. Wabohora, Washia Ithnaasheri, Wahindu wa Kisutu na Wagoa waliosali Kanisa la Mtakatifu Joseph, wote waliweza kwenda kwenye ibada kwa miguu.

Miongoni mwao walikuwapo Wakhoja wa madhehebu ya Ismailia, wafuasi wa Aga Khan, ambao asili yao ni Kachi na Gujarati nchini India. Mmoja wa watangulizi wao ni Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, ambaye jina lake limebaki hadi leo katika jengo la Sewahaji la Hospitali ya Muhimbili.

Siku ya Mkhoja ilianza na kuisha jamatkhana. Wacha Mungu waliamka kabla ya alfajiri kwenda kutafakari, na jioni, maduka yakishafungwa, familia nzima ilioga, ikabadili nguo na kuelekea Darkhana, jamatkhana kuu ya mjini. Viatu viliachwa nje. Wanaume waliketi upande mmoja na wanawake upande wa pili, na mbele yao waliketi mukhi na kamadia, viongozi wa jamaa waliotoka miongoni mwa waumini wenyewe.

Ziliimbwa ginan, tenzi za dini walizorithi kutoka kwa mapiri wa Bara Hindi. Dua ilisomwa kwa lugha za Kihindi hadi miaka ya 1950, ilipobadilishwa kuwa ya Kiarabu. Vyakula vilivyoletwa kama sadaka vilinadiwa baada ya ibada, na sahani ya maskini iliweza kununuliwa na tajiri. Mwezi ulipoandama kulikuwa na mkusanyiko maalumu ulioitwa chandraat.

Zilikuwapo pia siku kubwa ambazo mji mzima ulizishuhudia. Agosti 10, 1946, Aga Khan wa Tatu alipimwa kwa almasi jijini Dar es Salaam kuadhimisha miaka 60 ya uimamu wake. Oktoba 19, 1957, mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, alisimikwa hapa hapa, eneo la Upanga.

Ibada hii ilitegemea sana nyumba. Familia nyingi ziliweka akiba ya maisha yao yote katika jengo moja: duka chini, makazi juu, na vyumba vya kupangisha vya kuwatunza wazee na wajane. Kwa kuwa waumini waliishi jirani, jamatkhana ilijaa kila jioni bila mtu kuitwa.

Kwa Mwafrika aliyepanga nyumba ya Mhindi au aliyezuiwa kuishi Uhindini, mambo yalionekana kwa sura nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali iliona kodi ya nyumba kuwa ni unyonyaji. Aprili 22, 1971, ilitwaa kwa sheria majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Majengo yaliyozidi umri wa miaka 10 hayakulipwa fidia. Wengi wa walioguswa walikuwa Wahindi.

Milango ya Darkhana haikufungwa, na hadi leo watu wanasali. Lakini walioijaza walianza kuondoka mmoja mmoja, hasa kwenda Canada na Uingereza. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na hofu ikazidi. Mukhi alipohama, mwalimu wa dini alipohama, jirani wa kutembea naye jioni alipohama, kilichovunjika ni ule utaratibu wa mtaa mzima kwenda kusali pamoja.

Waliohama waliondoka na Mchafukoge midomoni mwao. Katika Kikachi na Kigujarati cha Afrika Mashariki yamo maneno kama fagio, sufuria na jugu, na mhogo, wanaouita mogo, bado unapikwa Toronto na Vancouver.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1971 sasa amevuka 70. Pengine anaishi bado Upanga, pengine yuko ng'ambo. Mpangaji wa Kiswahili aliyekuwa jirani yake naye ana la kusimulia, tena si lazima lifanane na lake. Ni vyema wote wawili wasikilizwe na simulizi zao ziandikwe sasa, kabla nyumba za mwisho zenye roshani hazijabomolewa na wao wenyewe hawajatutoka.