Mtungi wa mzamiaji haujazwi oksijeni

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa kijana mwenye duka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam. Ana cheti cha awali cha kuzamia, anataka mafunzo ya kina kirefu: "Mtungi wa oksijeni nimeshauona Gerezani kwa mafundi wa kuchomelea. Boti nitaipata Feri?"

Boti tutaifikia. Kwanza huo mtungi, maana utaua mtu.

Mzamiaji hashuki na oksijeni tupu. Mtungi wake una hewa hii hii tunayoivuta Kariakoo, iliyochujwa, ikakaushwa, ikashindiliwa: oksijeni asilimia 21, iliyobaki karibu yote naitrojeni. Nimelieleza hili mpaka nimechoka, na bado naambiwa kwamba oksijeni ndiyo uhai, hivyo ikiwa tupu ni bora zaidi. Si kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 30, unachovuta kimeshindiliwa mara 4. Ukivuta hewa ya kawaida, shinikizo la oksijeni peke yake ni bar 0.84, na mwili unalivumilia. Ukivuta oksijeni tupu, ni 4. Kikomo tunachofundisha ni 1.4 kwa anayejishughulisha na 1.6 kwa aliyetulia. Kwa oksijeni tupu, hiyo 1.6 inafika kwenye mita 6 tu.

Ukizidisha hapo, ubongo unaweza kushindwa. Midomo hucheza, masikio huvuma, kisha degedege. Na mara nyingi degedege huja bila dalili yoyote kutangulia. Nchi kavu mgonjwa wa degedege hulazwa ubavu akazindukana. Chini ya maji, kifaa cha kuvutia hewa humtoka mdomoni, akafa maji na mtungi wake ungali umejaa.

"Mbona wazamiaji wakubwa wana mtungi ulioandikwa oksijeni?" Wanao. Huutumia mwishoni, wakiwa wanapanda, kwenye kituo cha mita 6 au juu yake, ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke upesi. Mtungi huo huandikwa kina chake kwa tarakimu kubwa, na mwenzako huukagua kabla hujautia mdomoni. Anayeshuka mbali zaidi hupunguza oksijeni na kuongeza heliamu. Waliomkuta samaki aitwaye silikanti akiwa hai Sodwana, Afrika Kusini, mwaka 2000, mita 104 chini, walishuka na mchanganyiko wa aina hiyo.

Kompresa ya tairi au ya kupulizia rangi nayo iache dukani. Haifikii shinikizo la bar 200 ambalo mtungi unahitaji, haina chujio la hewa ya kuvuta, na moshi wa injini ukiingia humo unakuletea kaboni monoksaidi.

Sasa mahali na boti. Mafunzo haya hayaanzii kwenye kina. Mwanzoni ni kufunga na kufungua valvu za mgongoni, kubadili gesi, na kutulia palepale bila kupanda wala kushuka. Mita 6 hadi 10 upande wa bara wa kisiwa cha Bongoyo au Mbudya zinatosha, ukishalipa ada ya hifadhi ya bahari. Mlangoni mwa bandari usizamie kabisa, meli zinapita. Baadaye tafuta ukuta wa mwamba wa kuutazama unapopanda kituo kwa kituo: upande wa nje wa Fungu Yasini, kisha Pemba. Nenda wakati wa maji mafu, bamvua iache ipite, na ikiwezekana subiri maleleji kati ya kusi na kaskazi.

Boti iwe na leseni ya TASAC (shirika la uwakala wa meli), injini mbili, redio, ngazi imara inayoingia majini, na oksijeni ya huduma ya kwanza, maana hapo ndipo mahali pake. Nahodha ajue kufuata boya bila kutia nanga. Ngalawa na dau hazifai: mwenye mitungi miwili mgongoni na mingine ubavuni hawezi kujivuta juu ya ubao. Asubuhi ya safari piga simu chemba ya shinikizo ya Matemwe, Unguja, uhakikishe inafanya kazi. Mwalimu naye akuonyeshe cheti cha kufundisha kiwango hicho hicho unachokitaka, akisita, usilipe.