Mitungi ya Zamani na Faida Yake kwa Mkulima

Ndugu mkulima, plau inapopita katika shamba lako la skimu, huenda siku moja ukaona vigae vya vyungu vikitoka pamoja na udongo. Usiviponde wala usivitupe mpakani. Mwambie dereva wa trekta asimame kidogo. Vigae hivyo ni habari za watu walioishi hapa kabla yako, na plau ikipita mara ya pili habari hizo zitapotea kabisa.

Nchi yetu ya Migori na Homa Bay ina vitu vingi vya namna hiyo. Huko Gogo, karibu na Mto Kuja, wataalamu wamechimba na kupata vigae vya wavuvi na wawindaji walioishi hapo maelfu ya miaka iliyopita. Na huko Thimlich Ohinga, katika Migori, unaweza kuona kuta za mawe zilizojengwa bila saruji wala udongo, nyingine zikiwa na urefu wa zaidi ya meta 4. Watu waliishi ndani ya kuta hizo pamoja na ng'ombe wao. Mwaka 2018 UNESCO iliandika mahali hapo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Labda utauliza, kigae kinawezaje kusema? Tazama mapambo yake. Vyungu vya Urewe, ambavyo vilifinyangwa katika nchi hii zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, vina mistari iliyochorwa kwa uangalifu, na vingi vina kishimo kidogo chini ya kitako. Vyungu vya Waluo vina alama za kamba iliyosokotwa, ambayo mfinyanzi huiviringisha juu ya udongo kabla haujakauka. Basi mtaalamu akiona kigae mahali kilipolala, aweza kujua ni watu gani waliokaa hapo, na ni wakati gani. Lakini kigae kilichohamishwa hupoteza nusu ya maana yake.

Ukipenda kuona vitu vya kale vilivyotunzwa vizuri, nenda Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Katika bustani yake umejengwa mji mzima wa Kiluo, wenye nyumba za wake, ghala na boma la ng'ombe. Wachukue na watoto wako.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yasema kwamba mtu akipata kitu cha kale lazima apeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7. Kwa hiyo weka alama mahali pale, umwarifu chifu wako, na habari ifike Makumbusho. Usimwuzie mtu apitaye akinunua vitu vya kale.

Sasa tuje nyumbani kwako. Mtungi wa maji, ambao Waluo huuita dapi, si kitu cha kutazamwa tu. Una kazi kubwa. Maji kidogo hupenya katika vitundu vyake vidogo, hutokea nje, na kukaushwa na upepo. Yanapokauka huchukua joto, na maji yaliyobaki ndani hupoa. Kwa sababu hiyo usiupake mtungi rangi ya mafuta, maana utaziba vitundu hivyo. Uweke kivulini penye upepo.

Lakini maji baridi si lazima yawe maji safi. Mtungi wenye mdomo mpana huingiza mikono na vikombe vichafu, na hapo kipindupindu na kuhara huingia nyumbani. Karibu na mwaka 2000, jambo hili lilijaribiwa huku Nyanza. Wafinyanzi walitengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba dogo la kufungulia maji, na watu wakatia dawa ya klorini. Maji yakawa salama zaidi, na mitungi haikukataliwa na akina mama, kwa kuwa ni ile waliyoizoea.

Basi fuata mambo haya:

1. Chemsha maji, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Maji ya matope yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

2. Osha mtungi kabla ya kuujaza tena, na uufunike siku zote.

3. Kama mtungi wako hauna bomba, teka maji kwa kata yenye mpini mrefu. Kata hiyo isitumiwe kwa kazi nyingine, wala isiwekwe chini.

4. Usitumie chungu kilichofukuliwa shambani kwa maji wala chakula. Hicho ni cha Makumbusho.

5. Mtungi mpya ununue kwa mfinyanzi wa karibu. Fedha yako itabaki kijijini, na binti zake watapata sababu ya kujifunza kazi.

Bibi zetu walijua kuchagua udongo, kuukanda, kuufinyanga na kuuchoma kwa kuni na majani. Ujuzi huo ukifa, hakuna plau itakayoufukua. Kwa hiyo, kama mama mzee katika jirani yako bado anafinyanga, nenda kwake wiki hii ukamwagize mtungi mmoja wenye mdomo mwembamba.