Jicho Msaidizi wa Sikio

Ni mazoea yetu kulichukulia neno lisemwalo kuwa sauti tupu. Mwaka 1976, Harry McGurk na John MacDonald walibainisha kuwa mtu asikiaye "ba" huku akitazama kinywa kitamkacho "ga" aghalabu husikia "da". Mnamo 2005, Asif Ghazanfar na wenzake walionyesha kwamba hata kwa kima aina ya resusi wa Asia, sehemu ya ubongo ishughulikiayo usikivu huitikia mlio kwa namna tofauti iwapo uso wa mwenye kulia nao unaonekana. Hivyo basi, mtafiti wa fasihi simulizi anayemrekodi fanani kwa kinasa sauti pekee huiacha uwanjani sehemu ya kile ambacho hadhira ilikisikia.